Maswali ya Wasomaji: Nimeacha Nyama, Sasa Nile Nini?

Mbukwenyi, wasomaji wetu wa Dodoma na wa mikoa jirani. Barua za mwezi huu nyingi zimetoka kwa watu walioacha kula nyama, au kwa ndugu zao wanaoshangaa kulikoni. Nimechagua sita. Baadhi nimezifupisha kwa sababu ya nafasi, lakini hoja za waandishi sijazigusa.

*Shikamoo mwandishi. Mimi ni mtumishi wa umma niliyehamia Dodoma kutoka Dar es Salaam. Ni miezi minne sasa sili nyama, kuku wala samaki. Si kwa ugonjwa wala kwa dini. Moyo tu ulikataa baada ya kuona mnyama akiteswa kabla ya kuchinjwa. Nikiagiza chakula kwa mama lishe naambiwa, "Nyama hutaki? Basi chukua kuku." Mwezi ujao nakwenda ukweni Chamwino, na nimesikia kuwa mbuzi wangu ameshatengwa. Nikikataa nitaonekana nina dharau. Nifanyeje? Mkwe mwenye wasiwasi, Dodoma.*

Marahaba, mwanangu. Nianze na mama lishe, kwa kuwa hana kosa. Kiswahili chetu kinakuponza mara mbili. Kwanza, kwa Mtanzania "mboga" ni chochote kinachoteremshia ugali: nyama ni mboga, dagaa ni mboga na maharage ni mboga, kwa hiyo ukimwambia mtu kwamba wewe unakula mboga tu, hujamwambia lolote. Pili, neno "nyama" mezani humaanisha ng'ombe au mbuzi, na kuku ana jina lake, kama samaki alivyo na lake. Acha basi kutaja usichokula na utaje unachotaka: ugali, maharage na mchicha, tena maharage yasiyotiwa supu ya nyama. Hilo la supu liseme wazi, kwa sababu wapishi wengi huona kwamba wakiondoa vipande wamekutimizia haja yako.

Ukweni ni jambo jingine. Mbuzi wa mgeni si kitoweo tu; ni namna ya kutamka kwamba umepokelewa, na mwenye nyumba anayetamka hivyo hapendi kukatizwa mbele ya watu. Kwa hiyo habari itangulie mguu wako. Mkeo amweleze mama yake mapema, kwa maneno machache, kwamba mume wake ameacha nyama na kwamba atafurahi sana akipikiwa mlenda. Wakitaka kumchinja mbuzi kwa ajili ya wageni wengine, waachie. Wakikukabidhi akiwa hai, mpokee kwa mikono miwili na ushukuru, kisha umwache hapo hapo kwenye zizi la wazee. Siku yenyewe usijitenge: nawa pamoja na wenzako, kaa nao, mega tonge, chovya mlenda, na habari za mnyama uliyemwona akiteswa uzihifadhi kwa siku nyingine. Wapo watakaokushauri usingizie ugonjwa ili yaishe. Mimi nakukataza, kwa sababu uongo huo utakurudia wiki hiyo hiyo, mama mkwe atakapoanza kukutafutia dawa.

*Mwandishi, mimi ni mfugaji, baba wa watoto saba. Mwanangu amerudi kutoka chuoni anasema nyama hataki tena. Ng'ombe hao hao ndio waliomsomesha. Hivi haya si mambo ya kuiga Wazungu? Mzee wa Bahi.*

Shikamoo mzee wangu. Uchungu wako naufahamu, maana kwa mfugaji ng'ombe ni ada ya shule, ni mahari na ni akiba ya mwaka wa njaa. Hata hivyo, Wazungu katika hili ni wageni wa juzi. Chama cha Waingereza wasiokula nyama kilianzishwa mwaka 1847 huko Ramsgate, na wale wanaoacha hata maziwa na mayai walianzisha chama chao, pia Uingereza, mwaka 1944. Karne nyingi kabla yao, Wajaini na Wahindu wengi wa India walikuwa wameshaacha kula viumbe kwa imani ya kutodhuru uhai. Karibu zaidi na kwetu, Wakristo wa Kanisa la Orthodoksi la Ethiopia hufunga nyama, maziwa na mayai siku nyingi sana za mwaka, zikiwemo Jumatano na Ijumaa. Na hapa nchini tunao Wasabato, ambao kanisa lao linahimiza mlo usio na nyama, ingawa si wote wanaoufuata.

Sasa, mzee, naomba uhesabu mwenyewe: ulipokuwa mtoto, nyama ilipikwa kwenu siku ngapi kwa mwezi? Kwetu ilipikwa palipokuwa na sherehe, msiba au mgeni, au ng'ombe alipovunjika mguu. Siku zilizobaki tulikula ugali wa uwele au wa mtama kwa mlenda. Bibi yangu alianika majani ya mlenda wakati wa masika, akayatwanga na kuuhifadhi unga wake kwenye kibuyu kilichoning'inia juu ya moshi wa jikoni. Kiangazi, wakati ambapo shamba zima lilikuwa rangi ya vumbi, alichemsha maji, akatia magadi kidogo, akanyunyiza ule unga huku akipekecha, kisha akamalizia na karanga zilizotwangwa hadi zikaanza kutoa mafuta. Mlenda ukivutika kwenye tonge kama uzi, umeiva. Huo ulikuwa mlo usio na nyama, ila hatukuupa jina kwa sababu hakuna aliyeuchagua, na hiyo ndiyo tofauti pekee ninayoiona kati yetu na mwanao.

Lakini nisikufiche kitu. Tulikuwa na maziwa. Asubuhi palikuwa na kibuyu cha mgando, na hicho kilitupatia vitu ambavyo majani hayawezi kutoa. Mwanao akiendelea kunywa maziwa ya ng'ombe wako, usiwe na hofu kubwa. Wewe naye bado mnakaa zizi moja. Akiyaacha na maziwa pia, msomeeni jibu linalofuata.

*Binti yangu ana miaka 16, anasoma shule ya bweni. Likizo hii ametangaza kuwa haonji tena chochote kitokanacho na mnyama, si nyama, si maziwa, si yai. Mimi naogopa ataishiwa damu, na bibi yake anasema atadumaa. Nimlazimishe? Mama wa Mpwapwa.*

Mama, usimlazimishe, kwa sababu atarudi shuleni ambako huwezi kumwona, na anayekula kwa kulazimishwa hujifunza kuficha sahani. Mwekeeni masharti, na masharti yenyewe nitayaeleza kwa kirefu, kwa kuwa hapa ndipo watu wengi hukosea.

Kila mtu huuliza kwanza kuhusu protini, na kwa kweli hiyo ndiyo yenye shida ndogo. Mtu mzima wa kilo 60 anahitaji takriban gramu 48 kwa siku. Kikombe cha maharage yaliyopikwa kina karibu gramu 15, konzi nzuri ya karanga inaongeza gramu 7, na unga wa dona wa kutosha ugali wa mchana na usiku unaweza kutoa gramu 20. Vikombe viwili vya maharage, ugali na karanga zake, hesabu imekamilika. Ugali na maharage tena vinasaidiana: protini ya nafaka ni pungufu ya kiini kiitwacho laisini, ambacho kunde na maharage wanacho kwa wingi, na kilichopungua kwenye maharage kinapatikana kwenye nafaka. Haihitajiki hata kuvila kwa mlo mmoja, ilimradi vyote viliwe siku hiyo. Bibi asiwe na wasiwasi wa kudumaa ikiwa mjukuu anashiba vyakula vya namna hiyo. Awe na wasiwasi akiona mtoto anaishi kwa chipsi, maandazi na soda, vitu ambavyo havina nyama na havina lishe pia.

Damu ni jambo la kweli. Msichana wa umri wake, anayepoteza damu kila mwezi, anahitaji madini ya chuma mengi kuliko kaka yake, na chuma cha kwenye mimea huingia mwilini kwa shida kuliko kile cha kwenye nyama. Kinachokisaidia kuingia ni vitamini C. Kinachokizuia ni chai na kahawa. Kwa hiyo ile desturi ya kushushia maharage kwa kikombe cha chai aiache, anywe chai saa moja au mbili baada ya kula, na pembeni ya sahani kuwe na chungwa, pera, nyanya mbichi au kikombe cha juisi ya ubuyu. Mibuyu tunayo hapa kila upande na unga wake una vitamini C nyingi. Ukoroge kwa maji yasiyo ya moto, maana joto huiharibu. Ugali wa uwele una chuma zaidi ya ule wa sembe nyeupe. Maharage yaloweke usiku kucha na maji yale yamwagwe, na uji ukipikwa kwa unga wa kimea ni bora zaidi, kwa kuwa kuloweka na kuotesha hupunguza kile kinachoyashika madini yasitoke. Magadi myatie kwa uchache: yanalainisha mboga haraka lakini yanaua vitamini.

Sharti lisilo na mjadala ni vitamini B12. Mimea haina. Haipo kwenye mchicha, haipo kwenye maharage, na yeyote anayekuambia kwamba ipo ya kutosha kwenye mlenda au kwenye mboga zisizooshwa anakudanganya. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 2.4 tu kwa siku, kiasi kidogo kabisa, lakini akikikosa kwa muda mrefu damu hupungua, ganzi huingia mikononi na miguuni, na mishipa ya fahamu inaweza kuharibika kwa namna ambayo dawa haitarudisha yote. Ubaya wake ni kwamba ini huweka akiba ya miaka kadhaa, hivyo mtu huacha vyakula vyote vya mnyama, akajiona mzima mwaka wa kwanza na wa pili, akawacheka waliomwonya, kisha madhara yakafika wakati ambapo hakumbuki tena chanzo chake. Angekubali maziwa, vikombe viwili kwa siku vingekaribia kutosha. Kwa kuwa hataki, basi ameze vidonge vya B12 ambavyo mfamasia atampangia kipimo, na unga mnaonunua msome maandishi ya kwenye mfuko muone kama umeongezewa vitamini hiyo. Chumvi nayo iwe ile yenye madini joto.

Mama, mpeleke kituo cha afya akapimwe wingi wa damu kabla shule haijafunguliwa, na mpime tena likizo ijayo. Kisha muulize, mkiwa wawili tu, kwa nini ameacha. Akikujibu kwa ajili ya wanyama au imani, sawa. Ukiona anaficha mwili wake, anaruka milo na anaogopa kunenepa, hapo nyama ni kisingizio na anahitaji mtu wa kuzungumza naye kuliko anavyohitaji kidonge.

*Je, mtu anayekula mayai na kunywa maziwa anahesabiwa kuwa hali nyama? Na je, anayekula samaki? Msomaji wa Kondoa.*

Wa mayai na maziwa anahesabiwa. Wa samaki hahesabiwi, ingawa wapo wengi wanaojiita hivyo.

*Mimi ni mkulima wa karanga na mahindi Kongwa. Familia yetu haikuacha nyama kwa hiari, bali bei ndiyo iliyotuachisha, na sasa karanga zinakuwa mboga yetu karibu kila siku. Nimesikia habari za sumukuvu. Je, tunajiponya huku tunajiua? Mkulima wa Kongwa.*

Ndugu mkulima, swali lako limenipendeza kuliko yote, na nasikitika kwamba huwa halitajwi katika makala nzuri nzuri za kusifu vyakula vya mimea. Mtu akiondoa nyama, karanga na mahindi huongezeka kwenye sahani, na hivyo ndivyo vyakula ambavyo sumukuvu huvipenda. Kanda yetu inalijua hili kwa machozi: mwaka 2016 watu 68 waliugua katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa ugonjwa uliohusishwa na sumukuvu kwenye mahindi, na 20 kati yao walifariki dunia. Hiyo ni sumu ya kiasi kikubwa kwa mara moja. Ile ya kidogo kidogo haina kelele. Inakula ini mwaka hadi mwaka na inaweza kuleta saratani.

Sumukuvu hutengenezwa na kuvu anayeota kwenye punje zilizopata unyevu, zilizotobolewa na wadudu au zilizodhoofishwa na ukame zikiwa shambani, na ukame kwetu si habari mpya. Kupika hakuiondoi. Kukaanga hakuiondoi ya kutosha kukupa usalama. Kwa hiyo kazi yote ifanyike kabla ya chungu. Vuna kwa wakati, usiziache karanga ardhini hadi mvua ya mwisho izikute. Anika juu ya turubai au kichanja, kamwe si juu ya udongo mtupu, mpaka ukizitikisa kwenye ganda uzisikie zikigonga. Usizilowanishe ili zimenyeke kwa urahisi. Najua vidole vinauma, najua pia kwamba akina mama wengi hufanya hivyo jioni wakiwa wamechoka, lakini unyevu ule wa usiku mmoja unamtosha kuvu.

Halafu kaa chini na ungo. Punje iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, iliyoota ukungu, iliyovunjika au yenye tundu la mdudu itolewe, na ikitolewa isirudi kwa mlango wa nyuma: isiwe ya kukamulia mafuta, isiwe ya kuku, wala isisagwe kuwa unga wa uji wa mtoto. Hapo ndipo ninapogombana na wafanyabiashara wengine, kwa sababu karanga zilizochaguliwa vizuri huuzwa nzima, na zile zilizokataliwa ndizo mara nyingi zinazosagwa, na unga hauna sura ya kumshtaki. Nunua nzima, utwange mwenyewe. Hifadhi kwenye mifuko ya kinga njaa, ile isiyopitisha hewa, juu ya chaga, mbali na ukuta.

Na usitegemee karanga peke yake. Hapo Kongwa mnaweza kupata njugu mawe, kunde na choroko, ambazo kwa kawaida sumukuvu huzisumbua kwa uchache kuliko karanga. Siku tatu za wiki mboga iwe hizo, zilizoungwa kwa mafuta ya alizeti na kitunguu, na karanga zibaki kuwa kiungo cha mlenda.

*Nina miaka 58, nina shinikizo la damu na kisukari. Rafiki yangu ameniambia kwamba nikiacha nyama kabisa nitapona na sitahitaji dawa. Ni kweli? Mstaafu wa Singida.*

Kaka yangu, nusu ya maneno ya rafiki yako ina ukweli, na nusu nyingine inaweza kukulaza hospitali. Wasabato wa Marekani na Kanada wapatao 96,000 wamefuatiliwa kwa miaka mingi na watafiti, na wasiokula nyama miongoni mwao walionekana kuwa na uzito mdogo, shinikizo la chini na kisukari kwa uchache kuliko wenzao. Shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2015 kwamba nyama zilizosindikwa, kama soseji, zinasababisha saratani ya utumbo mpana, na kwamba nyama nyekundu huenda inasababisha. Upande wa pili, utafiti wa Oxford uliochapishwa mwaka 2019, uliofuatilia watu zaidi ya 48,000, ulikuta wasiokula nyama wana ugonjwa wa moyo kwa uchache, lakini kiharusi kiliwapata kwa kiasi fulani zaidi. Soma hayo yote kwa pamoja utaona kwamba mlo huo una faida ya kweli, na kwamba si kinga ya kila kitu.

Wewe una jambo la kuangalia ambalo rafiki yako hakulitaja. Anayeacha nyama huongeza ugali, wali na viazi bila kujua, na kwa mwenye kisukari hilo ni kuhama kutoka jua kwenda moto. Sahani yako igawe hivi: nusu mchicha, kabichi, majani ya kunde au mlenda, robo maharage au choroko, robo iliyobaki ugali wa dona, mtama au uwele. Chumvi ipungue sana, na magadi yahesabu kama chumvi, kwa kuwa yana sodiamu ile ile. Kama unatumia metformini, mwambie daktari kwamba umeacha nyama, maana dawa hiyo ikitumika kwa muda mrefu hupunguza B12 mwilini, na ukiiongezea mlo usio na B12 unapunguza mara mbili. Ganzi ya miguu ikija mtadhani ni kisukari peke yake.

Dawa usiziache. Ukishaubadilisha mlo, pima shinikizo na sukari mara nyingi zaidi kwa miezi ya mwanzo na uandike kwenye daftari, kwa sababu vikishuka kweli, dozi ya zamani inaweza kuwa kubwa kupita kiasi na ukaanguka kwa sukari kushuka. Daftari hilo mpelekee daktari wako, naye ndiye atakayepunguza.